Nilipasuliwa kwa mtoto wa kwanza, sasa mavyaa anataka nizalie nyumbani

Assalaam alaykum Bi Mkunga, shikamoo.

Mie ni mke wa mvuvi, nina miaka 26, nakaa kijiji cha pwani wilaya ya Micheweni, Pemba. Nina mtoto mmoja wa kike. Nilimzaa kwa kupasuliwa kwa sababu alitanguliza matako, na daktari alisema kwa mimba ya kwanza hataki kumsubiri apite hivyo. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi. Mie kidonda kilinitoa usaha wiki ya pili, nikarudi kusafishwa, kisha nikapona.

Sasa nina mimba ya wiki 34 na mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Huyu wa tumboni kliniki wameniambia katanguliza kichwa. Nilipomuuliza nesi kama nitazaa mwenyewe au nitapasuliwa tena, alinijibu, "We ngoja siku yako, utajua hiyo hiyo siku." Nikarudi nyumbani nimebeba swali langu kama nilivyokwenda nalo.

Tatizo ni mavyaa, mama wa mume wangu. Yeye kazaa watoto tisa, wote chumbani kwake, na hakuna aliyemgusa kwa wembe. Anasema nikirudi spitali watanipasua tena, na mwanamke akipasuliwa mara tatu kizazi chake kwisha, na mwanawe anataka watoto. Kashazungumza na bibi mmoja anayezalisha hapa kijijini. Watanichemshia dawa ya kuharakisha uchungu, mtoto ashuke kabla hata gari haijatafutwa. Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, tangu mwezi uliopita. Simu yake hupatikana anapopanda juu ya kilima, na nilipompata aliniambia, "Msikilize mama, yeye anajua."

Bi Mkunga, ninaogopa. Jirani yangu alikuwa na mshono kama mie. Miaka mitatu nyuma uchungu ulimshika usiku, akakaa nao ndani. Alfajiri ukakata ghafla. Wanawake waliokuwa naye wakasema alhamdulillahi, kapumzika. Alipofikishwa spitali mtoto keshakufa, na yeye wakamtoa kizazi. Hakuwahi kupata mtoto mwengine. Nikimkuta kisimani nageuza uso, si kwa ubaya, ni kwa sababu najiona mie.

Karatasi niliyopewa siku ya kutoka spitali niliitia kwenye mkoba wa ukindu. Masika paa likavuja, nikaikuta imeshikana donge moja. Kadi yangu ya sasa imeandikwa tu "aliwahi kupasuliwa".

Je, kizazi kweli kinaweza kupasuka? Naweza kuzaa mwenyewe? Na mavyaa nimwambie nini bila ya kumvunjia heshima?

Mwenye Mshono, Micheweni

*

Waalaykum salaam warahmatullah. Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwa jirani yako, pale wanawake waliposema kapumzika. Nimefanya ukunga miaka mingi na neno hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Nitalirudia. Kwanza nikwambie lisilongoja: hiyo dawa ya kuchemsha usiinywe. Hata funda moja la kumridhisha mtu, usiinywe.

Sasa maswali yako. Ndiyo, kizazi kilichowahi kupasuliwa kinaweza kuchanika wakati wa uchungu. Na ndiyo, unaweza kuzaa mwenyewe. Yote mawili ni kweli. Yanayoamua ni mkato wa ndani ulipita wapi, na uchungu ukianza wewe utakuwa wapi.

Wewe ni mtu wa Pemba, mkeka unaujua. Mkeka ukizeeka hauanzi kuchanika katikati ya ukili, ule mkanda uliosukwa, unaachia pale ukili mmoja uliposhonwa na mwenzake. Kizazi nacho kikizidiwa hutafuta pale penye mshono. Uchungu ni nyama ya kizazi inajikaza na kulegea, inajikaza na kulegea. Sehemu ya juu ndiyo inayojikaza na kusukuma. Sehemu ya chini inatanuka, inakuwa nyembamba, inampisha mtoto. Madaktari siku hizi kwa kawaida hukata huko chini, ubavu kwa ubavu, kwa sababu kovu la hapo hupona vizuri na halibebi nguvu kubwa ya msukumo. Lakini zipo hali, kama mimba ya miezi michache sana au mtoto aliyelala kimshazari, ambapo daktari hulazimika kukata wima, mpaka sehemu ya juu. Kovu la hivyo liko pale pale panapojikaza.

Hesabu za mikato hii miwili zimeachana mbali kabisa. Katika wanawake 200 wenye mkato mmoja wa chini, wa ubavu kwa ubavu, wanaoachiwa wajaribu kuzaa wenyewe, kizazi huchanika kwa mmoja hivi. Kwa mkato wa wima uliopanda juu, ni baina ya wanne na tisa katika kila 100, na mwanamke huyo haachiwi kabisa aingie kwenye uchungu. Yeye hupangiwa siku yake mapema.

Kwa hivyo usitazame tumbo lako kwa nje ukasema, "Changu kimelala ubavu, niko salama." Ngozi inaweza kukatwa ubavu na kizazi kikakatwa wima, na kinyume chake pia. Kovu la nje halijui lililo ndani. Anayejua ni aliyeshika kisu, na aliyeshika kisu huandika. Karatasi yako imeoza, lakini ile ilikuwa nakala ya habari tu. Spitali uliyopasuliwa ina daftari la chumba cha upasuaji na faili lako. Nenda wiki hii, au mtume mtu mwenye barua yako, na jina lako kama lilivyoandikwa wakati ule na tarehe aliyozaliwa binti yako. Omba waangalie mkato wa kizazi uliandikwa vipi. Ukikuta mlango umefungwa, rudi kesho yake. Nalisisitiza hili kuliko yote ninayokushauri ufanye kabla ya uchungu, kwa sababu bila ya habari hiyo daktari atakayekupokea atakuwa anakisia. Wakishindwa kabisa kuipata, mwambie daktari yote unayoyakumbuka: kama mtoto alikuwa ametimia miezi, kwamba alitanguliza matako, kama ulikaa na uchungu na kwa muda gani, kwamba kidonda kilitunga usaha, na kama ulipata homa kali wakati ule mtajie pia.

Mengine uliyoniandikia yananipa moyo. Ulipasuliwa kwa sababu ya mkao wa mtoto, si kwa sababu nyonga imeshindwa. Mkao huo safari hii haupo, wa sasa katanguliza kichwa. Wanawake wenye mkato mmoja wanaojaribu kuzaa wenyewe, katika kila 100 wapatao 72 mpaka 75 hufanikiwa, na sababu kama yako huwa inasaidia. Ungekuwa umeshawahi kuzaa mmoja kwa njia ya kawaida, hesabu ingepanda mpaka 85 au 90. Kinachonifanya nikae macho ni nafasi baina ya watoto. Binti yako atakuwa na miezi 21 hivi wakati mdogo wake anazaliwa. Hatari ya kovu kuachia hupanda zaidi kwa anayezaa tena kabla ya miezi 18, hapo umepita, lakini hukupita mbali. Kovu linataka muda. Baada ya huyu, wewe na mumeo mpumzike angalau miaka miwili kabla ya mimba nyengine, na njia za kupanga zipo kliniki.

Na kitu ambacho watu hukisahau: hizo hesabu nzuri zimetoka mahali ambapo moyo wa mtoto unasikilizwa muda wote na chumba cha upasuaji kiko upande wa pili wa ukumbi. Hazikutoka chumbani kwa mavyaa wako. Mwanamke mmoja katika 200 akipatwa yumo ndani ya spitali, mara nyingi yeye na mwanawe huokolewa. Akipatwa huko kwenu usiku, na gari bado inatafutwa, mambo ni yale ya jirani yako. Kizazi kikichanika mtoto hukosa hewa, na hapo tunahesabu dakika. Barabara ya kutoka kijijini kwenu huijui kwa dakika, unaijua kwa mashimo.

Ile dawa sasa. Uchungu ukiwa dhaifu, spitali nao wana dawa ya kuuongeza, inapita kwenye dripu tone kwa tone. Kwa mwenye mshono hata hiyo huifanya hatari ya kuchanika iwe mara mbili au tatu ya ilivyokuwa, ndiyo maana daktari huifikiria sana, na akiitumia anakaa hapo, na ukizidi anafunga mpira mara moja. Kikombe cha dawa ya miti hakina pa kufungia. Ukishameza umemeza, na hakuna anayejua kina nguvu ya matone mangapi. Kizazi kinaweza kujikaza bila ya kupumzika mpaka kikaachia. Hata kizazi kisicho na mshono wowote huchanika kwa dawa hizi, khasa kwa mama aliyezaa wengi. Na vipo vidonge vya misoprostoli, vya kukaza kizazi, watu huvipata dukani kwa kunong'onezana. Mwenye mshono na mimba ya miezi yake kamili asivimeze kabisa, awe nani anayempa. Hali kadhalika mtu asikukandamize tumbo kumsukuma mtoto, iwe nyumbani au popote. Kombe la dua, yale maandishi yanayooshwa kwa maji yakanywewa, ni jambo jengine, sina ugomvi nalo, ila liwe kombe tu, lisichanganywe na mzizi wa mtu.

Nirudi kwa "kapumzika".

Usiku mmoja nilipokea mama aliyeletwa na gari ya kubebea karafuu, kalazwa juu ya majamvi. Mimba ya tatu, mtoto wa pili alikuwa wa kupasuliwa. Shangazi yake akaniambia kwa furaha kwamba uchungu ulikuwa mkali toka magharibi na sasa umetulia, ametulia mwenyewe, hata kelele hapigi. Nikamtazama usoni, midomo imekuwa rangi ya jivu. Mkono wake baridi, umelowa jasho. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yanakimbia kiasi sikuweza kuyahesabu vizuri mara ya kwanza. Kwenye kanga yake palikuwa na damu isiyojaa kiganja, na shangazi akanionesha kanga hiyo kama ushahidi kwamba hakuna baya. Nikaweka mkono tumboni. Tumbo la uchungu huwa gumu na la mviringo, mtoto unampapasa kwa mbali kama kitu kilichofunikwa blanketi. Hapa niliugusa mguu wa mtoto chini ya ngozi, kisigino chake, wazi kabisa. Alikuwa ameshatoka ndani ya kizazi, yumo tumboni. Yule mama alinishika mkono akasema neno moja tu: "Bega." Bega la kulia lilikuwa linamuuma, kwa sababu damu ikimwagika ndani ya tumbo ikafika juu, maumivu hutokea begani. Yeye tulimpata. Mtoto hatukumpata.

Nakuandikia haya si kukutisha. Nataka wewe, na kila atakayekuwa na wewe ndani, mjue kwamba uchungu uliokata ghafla kabla mtoto hajatoka si mapumziko. Maumivu ya pale kwenye mshono yasiyoondoka hata uchungu ukipoa baina ya mmoja na mwengine, damu ukeni hata ikiwa kidogo, mkojo wenye damu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, kuhisi kitu kimeachia, mtoto kuacha kucheza, tumbo kubadilika umbo: lolote katika hayo ni la kwenda mbio au, kama uko spitali, la kupiga kelele mpaka mtu aje. Mara nyingi alama ya kwanza kabisa ni mapigo ya moyo wa mtoto kushuka, na hiyo mama haihisi. Husikika kwa anayesikiliza. Bibi wa kijijini anaweza kuwa na mikono mizuri na moyo mzuri, lakini hana cha kumsikilizia mtoto kila baada ya muda mfupi usiku kucha.

Basi ufanye nini? Una wiki nne za kujipanga, usizipoteze. Onana na daktari wa uzazi, sio kliniki ya kijijini peke yake. Aione habari ya mkato, akupime kwa altrasaundi aone kondo la nyuma limekaa wapi, maana likikaa chini juu ya kovu kuzaa kwa kawaida hakupo tena. Mkubaliane naye kwa maneno yaliyoandikwa kwenye kadi: huyu atajaribu, au huyu atapasuliwa wiki ya 39. Swali lako lina jibu kabla ya siku yenyewe, na uliyemuuliza alipaswa kukupeleka kwa mwenye kulijibu. Mkikubaliana kujaribu, muulize na hili: mpaka tarehe gani mtasubiri uchungu uje wenyewe, na usipokuja itakuwaje. Spitali utakayozalia uliza bila ya haya: chumba cha upasuaji kinafanya kazi saa nane za usiku? Mtia ganzi analala wapi? Damu ya kundi langu ipo? Wapate ndugu zako wawili wakapimwe na wachangie mapema.

Na usikae kijijini kungojea. Kama una jamaa mjini Chake Chake au Wete, hamia kwake toka wiki ya 38 na binti yako. Uchungu ukianza, ule wa mwanzo mwanzo tu, au maji yakivunjika, nenda. Mwenye mshono hasubiri uchungu ukolee. Ukifika, neno la kwanza mlangoni, kabla ya jina lako, ni "nina mshono".

Kujaribu maana yake umekubali toka mwanzo kwamba njia isipofunguka inavyotakiwa, au moyo wa mtoto ukishuka, utapasuliwa na hutabishana. Hapo utakuwa hujashindwa kitu.

Mavyaa wako ana haki kwenye jambo moja, na umwambie kwamba anayo. Kupasuliwa kila mara si jambo dogo. Hakuna sheria ya mara tatu basi, lakini kila mkato unaacha viungo vimegandana ndani, na unaongeza uwezekano wa kondo kujipandikiza kwenye kovu mimba inayofuata, likatoa damu ya kutisha. Kwa mwanamke anayetaka watoto watano au sita, kuzaa mwenyewe safari hii kuna faida kubwa. Kwa hiyo wewe na yeye mnataka kitu kimoja! Mnachotofautiana ni mahali. Mkalie karibu wakati ametulia, mwambie, "Mama, mie pia nataka nizae mwenyewe, daktari akiridhia, ila wewe hukuwa na mshono." Yeye tisa wake walipita kwenye kizazi kizima. Umchukue siku ya kliniki asikie kwa masikio yake, aulize mwenyewe. Wazee wengi ninaowajua ukaidi wao ni hofu ya kuachwa nje ya jambo la wajukuu wao. Mpe kazi ambayo hakuna daktari anayeiweza: aje na wewe mjini, awe mlangoni, uji wa pilipili manga uwe tayari, na arobaini yako ailee yeye.

Kama utaweza, muombe na jirani yako azungumze naye. Usimgeuzie tena uso kisimani. Huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza usiku ule aliona nini.

Mumeo mpigie kabla ya yote hayo. Usimuombe achague baina yako na mamaye, muombe atamke mambo mawili, na ayatamke kwa mama yake pia: kwamba gari iitwe bila ya kumngojea yeye simuni, na kwamba ikihitajika opresheni isisimame kwa ajili yake. Nimeona karatasi ya ridhaa imelala juu ya meza watu wanamtafuta mume aliyeko bahari nyengine. Wewe ni mtu mzima mwenye akili zako, kalamu unaishika mwenyewe, lakini neno lake likitangulia shemeji zako hawatasimama njiani. Pesa za gari aziache kwako, si kwa mtu mwengine, na uwe na namba za madereva wawili, maana mmoja huwa kalala.

Ukishajifungua, kwa njia yoyote itakayokuwa, niandikie. Na wakikupasua, kabla hujatoka wodini muulize daktari kizazi kakikata vipi, aandike, usome alichoandika. Karatasi hiyo mara hii usiitie mkobani kwanza. Ipige picha kwa simu, umtumie mumeo huko dago, na mtu mmoja wa mjini unayemuamini.